Mada ya 6: Kukadiria Idadi ya Wanyamapori kwa Sampuli

Mada hii hukaa mpakani mwa Biolojia na Hisabati, na ndiyo maana wanafunzi wengi huikimbia. Wa Biolojia wanaogopa kanuni, wa Hisabati wanaogopa konokono. Ukiielewa vizuri, hata hivyo, ni mada ya kuokota maksi, kwa sababu maswali yake hujirudia na mahesabu yake ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Chukua kalamu, kikokotoo na karatasi ya kuchakaza, kisha fanya kila mfano pamoja nami. Usisome tu kwa macho.

Tuanze na sensa ya watu. Mwaka 2022 makarani wa sensa Tanzania walipita kaya kwa kaya, na hesabu ikatoka: watu 61,741,120. Iliwezekana kwa sababu mtu ana makazi, anajibu maswali, na alitangaziwa mapema siku ya kuhesabiwa. Nyumbu hana namba ya nyumba. Anatembea usiku, anavuka mpaka bila pasipoti, na ukimhesabu asubuhi huku bondeni anaweza kuhesabiwa tena jioni upande wa pili wa kilima. Kwa wanyama wachache na wakubwa hesabu ya wote hufanyika: faru, kwa mfano, hutambuliwa mmoja mmoja, kwa alama za masikioni na kwa majina. Kule Unguja watafiti waliwahi kupita makundi yote ya kima punju, kundi kwa kundi, wakapata zaidi ya 5,800, karibu mara tatu ya makadirio ya awali. Lakini kazi hiyo hula muda na fedha nyingi. Kwa wanyama walio wengi tunachukua sehemu, tunaihesabu kwa uangalifu, kisha tunakisia jumla. Sehemu hiyo ndiyo sampuli.

Neno "kukisia" lisikudanganye. Kuna kukisia kwa kubahatisha na kuna kukisia kwa kanuni. Tofauti yake ni kwamba mwenye kanuni anaweza kukuambia pia amekosea kwa kiasi gani. Kumbuka hilo, tutalirudia.

6.1 Fremu ya mraba

Kwa wanyama wasiokimbia, kama konokono, minyoo au kombe wa pwani waliong'ang'ania mwambani, tunatumia fremu ya mraba ambayo vitabu vingi huiita kwadrati. Unaweka fremu chini, unahesabu waliomo, unahamia sehemu nyingine.

Swali la kwanza ni: unaiweka wapi? Wanafunzi wengi huandika "nitairusha fremu nyuma ya bega bila kuangalia". Jibu hilo limezoeleka mno, na halifai. Mtu anayerusha husimama mahali fulani, na nguvu za mkono wake zina kikomo. Kona za mbali za uwanja hazitafikiwa kamwe. Zaidi ya hayo, utampiga mwenzako. Njia sahihi ni kugawa uwanja kwa namba, mita kwa urefu na mita kwa upana, kisha kuokota namba kwa nasibu, iwe kwa jedwali la namba nasibu au kwa vikaratasi vilivyokunjwa ndani ya kofia. Nasibu maana yake kila kipande cha uwanja kina nafasi sawa ya kuchaguliwa. Haimaanishi ovyo.

Swali la pili: konokono aliyekaa juu ya ukingo wa fremu unamhesabu au unamwacha? Weka kanuni kabla ya kuanza. Wanaogusa ukingo wa juu na wa kushoto wanahesabiwa, wanaogusa wa chini na wa kulia wanaachwa. Ukihesabu wote wa ukingoni, idadi itazidi.

Mfano wa 1. Uwanja wa shule una urefu wa mita 50 na upana wa mita 40. Mwanafunzi ameweka fremu ya mita 1 ya mraba mara 10 kwa nasibu, akapata konokono 3, 0, 5, 2, 4, 1, 0, 6, 2, 2. Kadiria idadi yao uwanjani.

Suluhisho. Jumla ni 25, wastani ni 25 ÷ 10 = 2.5 kwa kila mita ya mraba. Eneo lote ni 50 × 40 = mita 2,000 za mraba. Makadirio ni 2.5 × 2,000 = konokono 5,000.

Wengi huishia hapo na kupiga mstari chini ya jibu. Sisi tuendelee, maana swali la kidato cha juu haliishii hapo. Tazama tena zile namba: kuna 0 na kuna 6. Kama fremu kumi nyingine zingeangukia sehemu tofauti, wastani usingekuwa 2.5 kamili. Tunapima mtawanyiko huo hivi. Toa wastani kwenye kila namba, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha zote: utapata 36.5. Gawanya kwa idadi ya fremu pungufu moja, yaani 9, upate 4.06. Kipeo chake cha pili ni 2.01, na huo ndio mkengeuko wastani. Sasa gawanya kwa kipeo cha pili cha 10, yaani 3.16. Unapata 0.64. Hili ndilo kosa sanifu la wastani.

Kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, kosa sanifu huzidishwa kwa takribani 2 sampuli zikiwa nyingi. Kwa fremu 10 tu kizidishi ni 2.26. Kwa hiyo 0.64 × 2.26 = 1.45, na kwa uwanja mzima 1.45 × 2,000 = 2,900. Jibu kamili ni konokono 5,000, kuongeza au kupunguza 2,900. Yaani wanaweza kuwa 2,100 au wanaweza kuwa 7,900.

Umeshtuka? Ni vizuri. Kazi ya mchana mzima juani imetupa jibu pana kiasi hicho. Ukitaka kulipunguza upana kwa nusu, fremu 20 hazitoshi. Kwa sababu tunagawanya kwa kipeo cha pili, unahitaji mara nne, yaani fremu kama 40. Hapa ndipo unapoelewa kwa nini utafiti ni ghali.

6.2 Kamata, tia alama, kamata tena

Samaki, panzi, panya na ndege hawakungoji uwawekee fremu. Kwao tunatumia njia iliyopata jina kutoka kwa wanasayansi wawili: Petersen wa Denmark, aliyeshughulika na samaki mwishoni mwa karne ya 19, na Lincoln wa Marekani, aliyeitumia mwaka 1930 kukadiria bata wa mwituni kwa pete zilizofungwa miguuni mwao.

Wazo lenyewe utalishika jikoni. Chukua mfuko wa maharage usiojua una punje ngapi. Toa konzi moja, hesabu, tia kila punje alama ya kalamu ya wino, rudisha, tikisa mfuko vizuri. Toa konzi nyingine. Kama robo ya konzi hii ina alama, basi zile ulizotia alama mwanzoni ni kama robo ya mfuko mzima. Hakuna uchawi zaidi ya huo.

Kwa alama: tuseme A ni waliotiwa alama mara ya kwanza, B ni wote waliokamatwa mara ya pili, D ni wenye alama miongoni mwa hao wa mara ya pili, na N ni jumla tunayoitafuta. Uwiano unasema D ÷ B ni sawa na A ÷ N, kwa hiyo:

N = (A × B) ÷ D

Mfano wa 2. Katika bwawa walikamatwa perege 60, wakatiwa alama kwenye pezi na kurudishwa. Baada ya wiki moja walikamatwa perege 50, kati yao 12 wana alama. Kadiria idadi ya perege.

Suluhisho. N = (60 × 50) ÷ 12 = 3,000 ÷ 12 = 250.

Kuna marekebisho aliyoyatoa Chapman mwaka 1951, kwa sababu kanuni ya kwanza huelekea kuzidisha kidogo pale wenye alama wanapopatikana wachache. Ongeza 1 kwa kila namba, kisha toa 1 mwishoni: (61 × 51) ÷ 13 − 1 = 238. Swali lisipotaja marekebisho, tumia kanuni ya kawaida. Likiyataja, ndiyo haya. Na jambo moja la manufaa: D ikiwa 0, kanuni ya kawaida inakwama, maana hakuna kugawanya kwa sifuri.

Sasa tufike penye maksi. Mtahini hapendi sana kukuuliza kuzidisha 60 kwa 50. Anapenda kukuuliza: "Kama alama zingefutika, makadirio yangekuwa makubwa au madogo kuliko ukweli?" Usikariri majibu. Jiulize kila mara swali moja tu: je, D imeongezeka au imepungua kuliko ilivyostahili? D iko chini ya mstari wa kugawanya. Ikipungua, N inapanda. Ikiongezeka, N inashuka.

Alama zikifutika, tunawaona wenye alama wachache, D inapungua, makadirio yanazidi ukweli. Rangi nyekundu mgongoni mwa panzi ikimfanya aonekane na ndege akaliwa, ni hivyo hivyo: D inapungua, makadirio yanazidi, na juu ya hayo umewaua panzi. Ndiyo maana rangi hutiwa kidogo, mahali pasipoonekana kirahisi. Panya aliyenaswa mara moja akaogopa mtego, D inapungua tena. Lakini panya aliyenaswa akakuta karanga ndani, akaipenda, akarudi kesho yake, huyo anaongeza D, na makadirio yanakuwa chini ya ukweli. Wenye alama wakiachiwa sehemu moja na mitego ya pili ikawekwa hapo hapo kabla hawajachanganyika na wenzao, D inaongezeka vile vile.

Vifo na uzazi vinahitaji utulivu kidogo. Kama kati ya siku ya kwanza na ya pili wanyama wamekufa, na kifo hakikuchagua mwenye alama wala asiye nayo, uwiano haukubadilika. Makadirio ni sahihi, ila ni ya idadi ya siku ya kwanza. Kama wamezaliwa au wamehamia wapya bila ye yote kufa, makadirio ni sahihi, ila ni ya siku ya pili. Yakitokea yote mawili kwa pamoja, jibu si la siku ya kwanza wala la siku ya pili. Kwa hiyo muda kati ya ukamataji wa kwanza na wa pili uwe mrefu wa kutosha wanyama wachanganyike, na mfupi wa kutosha wasizaliane. Ukiandika sentensi hiyo kwenye mtihani, umeshapata maksi mbili.

Siku hizi alama si lazima iwe ya rangi. Punda milia hana mwenzake mwenye mistari kama yake. Mwezi Januari 2016, kaskazini mwa Kenya, watu wa kawaida, wakiwemo wanafunzi, walizunguka kwa siku mbili wakiwapiga picha punda milia wa Grevy, wote upande mmoja wa mwili. Kompyuta ikalinganisha mistari. Waliopigwa siku ya kwanza ndio A, waliopigwa siku ya pili ndio B, waliotokea siku zote mbili ndio D. Makadirio yakatoka: 2,350. Hakuna mnyama aliyeguswa. Jiulize kwa nini upande mmoja tu. Ni kwa sababu mistari ya kushoto haifanani na ya kulia. Ukichanganya pande, punda mmoja atahesabika kama wawili.

6.3 Kuhesabu kutoka angani

Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuja Serengeti na ndege ndogo iliyopakwa milia kama ya punda, wakajaribu kuhesabu wanyama wote wa tambarare. Kwa nyumbu walipata karibu 99,000. Michael alifariki mwaka uliofuata ndege hiyo ilipoanguka baada ya kugongana na tumbusi. Mwaka 1961 hesabu nyingine iliyotumia picha ilipata zaidi ya 200,000. Nyumbu jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka, na wakati huo ugonjwa wa sotoka ulikuwa bado unawamaliza ndama. Kuongezeka maradufu kwa miaka mitatu haiwezekani. Jibu la kweli zaidi ni kwamba macho ya mtu ndani ya ndege inayokimbia huacha wengi. Sotoka ilipodhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe wa maeneo jirani, nyumbu waliongezeka kweli kweli, wakafika takribani milioni 1.3 mwishoni mwa miaka ya 1970. Na tunajua kuwa ongezeko hili si la macho kwa sababu njia ya kuhesabu ilishakuwa na kanuni.

Kanuni hiyo iliwekwa sawa na mtaalamu wa takwimu aitwaye Jolly, katika makala ya mwaka 1969 iliyochapishwa kwenye jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki. Hadi leo hesabu nyingi za angani barani Afrika zinapita njia yake. Ndege huruka mistari iliyonyooka na kulingana, ikikata mito badala ya kuifuata, kwa kuwa wanyama hujazana mitoni na mstari unaofuata mto ungekusanya wengi isivyo haki. Kwenye nguzo za bawa hufungwa fimbo mbili kila upande. Mhesabuji anahesabu wanyama wanaoonekana kati ya fimbo hizo tu. Aliye nje ya fimbo, hata awe tembo mwenye pembe za kufika chini, haandikwi. Fimbo hizo ndizo fremu yetu ya mraba, ila sasa imevutwa ikawa ukanda mrefu.

Mfano wa 3. Hifadhi ina kilomita za mraba 1,200. Ndege imeruka mistari mitano yenye urefu wa kilomita 40, 30, 50, 20 na 40. Upana wa ukanda ni mita 150 kila upande. Swala waliohesabiwa ni 30, 18, 45, 6 na 36. Kadiria idadi ya swala.

Suluhisho. Upana wote ni mita 300, yaani kilomita 0.3. Maeneo ya kanda ni 12, 9, 15, 6 na 12, jumla kilomita za mraba 54. Swala jumla ni 135. Msongamano ni 135 ÷ 54 = 2.5 kwa kilomita ya mraba. Makadirio ni 2.5 × 1,200 = 3,000.

Hapa kuna mtego. Mwanafunzi mwingine atatafuta msongamano wa kila ukanda peke yake, yaani 2.5, 2, 3, 1 na 3, kisha achukue wastani wake, 2.3, na kupata 2,760. Anaonekana amefanya kazi zaidi, lakini ameupa ukanda wa kilomita 20 uzito sawa na ule wa kilomita 50. Mistari ikiwa na urefu tofauti, gawanya jumla kwa jumla.

Mtego wa pili ni mwinuko. Fimbo zimefungwa ili kutoka mita 100 angani upana uwe mita 150. Rubani akipanda hadi mita 120, upana unakuwa 150 × 120 ÷ 100 = mita 180. Usiporekebisha, wanyama wa mita 180 utawahesabu kama wa mita 150, na makadirio yatazidi kwa asilimia 20. Ndiyo maana mwinuko husomwa na kuandikwa safari nzima.

Vipi wale walio chini ya miti? Hapa mbinu mbili zinakutana, na binafsi ndipo ninapoipenda mada hii zaidi. Weka wahesabuji wawili upande mmoja wa ndege, mmoja mbele na mmoja nyuma, wasisikilizane. Wa mbele ameona makundi 40, wa nyuma 36, na 30 yameonwa na wote wawili. Waliyoona kwa pamoja ni 40 + 36 − 30 = makundi 46. Sasa fanya kana kwamba wa mbele ndiye aliyetia alama na wa nyuma ndiye aliyekamata tena: 40 × 36 ÷ 30 = 48. Kwa hiyo makundi kama mawili yamepita chini yao bila kuonwa na ye yote. Tumehesabu ambao hatukuwaona.

Hifadhi isiyofanana kote hugawanywa kwanza katika matabaka, kwa mfano mbuga wazi, msitu na kingo za mito, kila tabaka likapewa mistari yake. Tabaka lenye wanyama wengi au wenye mtawanyiko mkubwa hupewa mistari mingi zaidi.

6.4 Namba zinapoamua

Sasa uone kwa nini ile "kuongeza au kupunguza" si mapambo. Katika Pori la Akiba la Selous na maeneo yanayolizunguka, hesabu ya mwaka 1976 ilikadiria tembo karibu 109,000. Hesabu ya mwaka 2013 ilikadiria karibu 13,000. Kwa Tanzania nzima, makadirio yalikuwa karibu 109,000 mwaka 2009 na karibu 43,000 mwaka 2014. Pengo la namna hiyo haliwezi kusingiziwa bahati ya mistari. Zaidi ya hapo, wahesabuji wa angani huandika pia mizoga. Mizoga ikigawanywa kwa jumla ya mizoga na tembo walio hai, na jibu likazidi asilimia 8, huwa ni dalili kwamba vifo vinashinda vizazi. Kwa ushahidi wa namna hii ndipo ujangili wa pembe ulipoacha kuwa jambo la kubishania.

Lakini pengo likiwa dogo, usikimbilie kutangaza. Mfano: hesabu ya kwanza ni nyati 2,000, kuongeza au kupunguza 800, ya pili ni 1,500, kuongeza au kupunguza 600. Gazeti litaandika "Nyati wapungua kwa robo". Je, ni kweli? Unganisha makosa hayo mawili: 800 kwa 800 ni 640,000, 600 kwa 600 ni 360,000, jumla 1,000,000, na kipeo chake cha pili ni 1,000. Tofauti yetu ni 500 tu, ndogo kuliko 1,000. Hatuna ushahidi wa kutosha kwamba wamepungua. Wala hatujathibitisha kwamba hawajapungua. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mtahini anajua kuyatenganisha.

Kama unatoka kijiji kilicho jirani na hifadhi, pengine umewahi kusikia mabishano haya: ripoti inasema tembo wamepungua, wazee wanasema tembo wameongezeka, mahindi yameisha shambani. Nani mwongo? Pengine hakuna. Ujangili ukizidi ndani ya pori, tembo hujikusanya kwa makundi makubwa na kusogea penye usalama, na huenda hapo ni karibu na mashamba. Mkulima amechukua sampuli moja, shamba lake, na ndani ya sampuli hiyo anasema kweli tupu. Tatizo ni kwamba shamba lake halikuchaguliwa kwa nasibu. Na mtaalamu asiyepita kwa mkulima huyo naye atakosa habari ambayo ndege haikuiona. Swali la insha juu ya jambo hili likitokea, usimdharau upande wo wote.

6.5 Pasipoonekana mnyama kabisa

Msituni ndege haisaidii. Huko tunahesabu alama: nyayo, viota vya sokwe, milio, picha za kamera zilizofungwa mitini, na vinyesi. Kanuni ya vinyesi ndiyo huulizwa zaidi. Msongamano wa wanyama ni msongamano wa marundo ya vinyesi, ugawanywe kwa (marundo ya mnyama mmoja kwa siku × siku ambazo rundo hudumu kabla ya kuoza). Kwa mfano, kama kuna marundo 1,800 kwa kilomita ya mraba, tembo mmoja huacha marundo 18 kwa siku, na rundo hudumu siku 50, basi 1,800 ÷ (18 × 50) = tembo 2 kwa kilomita ya mraba. Udhaifu wake uko kwenye zile siku 50: mvua na mbawakawa wa vinyesi huzibadilisha, kwa hiyo lazima zipimwe katika msitu huo huo na msimu huo huo.

Maswali ya kujipima

1. Panzi 80 walitiwa alama. Siku mbili baadaye walikamatwa 60, na 15 walionekana wana alama. (a) Kadiria idadi yao. (b) Mwalimu alipochunguza kwa lenzi aligundua wengine 5 kati ya hao 60 walikuwa na mabaki ya rangi iliyooshwa na mvua. Kadiria upya, na eleza mwelekeo wa kosa la kwanza.

2. Ukanda ulipimwa kuwa mita 200 kutoka mwinuko wa mita 100. Ndege iliruka mita 130 bila marekebisho na makadirio yakawa pundamilia 5,200. Tafuta makadirio sahihi.

3. Pofu walikadiriwa kuwa 9,000, kuongeza au kupunguza 1,200. Miaka minne baadaye ni 6,000, kuongeza au kupunguza 1,600. Je, wamepungua?

4. Katika mfano wa vinyesi, mvua zimefanya rundo lidumu siku 25, lakini mtafiti ameendelea kutumia 50. Amekosea kwa kiasi gani?

5. Mwanafunzi ameweka fremu zake zote kandokando ya njia ya kwenda bwenini "ili asikanyage majani". Toa hoja moja dhidi ya sampuli yake.

Majibu

1. (a) 320. (b) D ni 20, kwa hiyo 240. Kufutika kwa rangi kulipunguza D na kuzidisha makadirio kwa 80. 
2. Upana halisi ni mita 260; 5,200 × 200 ÷ 260 = 4,000. 
3. Kosa la pamoja ni 2,000. Tofauti ni 3,000, inazidi. Ndiyo, kuna ushahidi wamepungua. 
4. Jibu sahihi ni tembo 4 kwa kilomita ya mraba. Yeye atapata 2, nusu ya ukweli. 
5. Si nasibu: kandokando ya njia majani hukanyagwa na udongo hukauka, kwa hiyo konokono wa hapo hawawakilishi uwanja. Jibu lo lote linalotaja kwamba sehemu nyingine hazikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa linakubalika.